Kituo cha wageni cha Kilwa Kisiwani: kijengwe Masoko au kisiwani penyewe?

MsanifuChipukizi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa mwisho, na mradi wangu wa kuhitimu ni kusanifu kituo cha wageni kwa ajili ya magofu ya Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa kisiwani kwenye pwani ya kusini ya Tanzania. Ni mradi wa karatasi tu, hakuna mfadhili wala mkandarasi anayesubiri, lakini ningependa mtu anayeifahamu Kilwa akiutazama asiucheke.

Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara viliingizwa pamoja katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 vikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikibomoka na bahari ikiula ufukwe, na mwaka 2014 vikaondolewa humo baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kwa hiyo kuta zipo na zinatazamika. Shida ninayoiona ni kwamba mgeni anatazama bila kuelewa. Anavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, mji ulio bara ng'ambo ya kisiwa, anazungushwa Gereza (ngome ya zamani), Msikiti Mkuu, makaburi na jumba la Makutani, akiwa bado na nguvu anafikishwa kwenye jumba la Husuni Kubwa, kisha anarudi na picha za kuta. Ukimuuliza ni kwa nini mji mkubwa kiasi kile ulisimama pale na si Lindi wala Mafia, hana la kusema, na si kosa lake.

Msimamizi wangu anapendekeza jengo lenye sura ya kukumbukwa, lisimame kisiwani karibu na Gereza na lionekane tangu mtu akiwa majini. Mimi nasita, ila sijapata hoja za kutosha za kumpinga. Nina maswali matatu. Je, kituo kiwe kisiwani au Masoko? Je, ni sahihi kujenga kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko ili jengo liendane na mazingira yake? Na ndani yake kiwekwe nini hasa, ukiacha mabango ya maelezo ambayo wageni wengi huyapita bila kuyasoma?

Naomba kuwasilisha.

FundiRamani amejibu:

Ndugu Chipukizi, ningekushauri uanze na swali lako la mwisho, maana likijibiwa vizuri hayo mawili ya kwanza yatajijibu. Kituo cha wageni ambacho hakijaamua kitasema nini huishia kuwa ukumbi wenye kiyoyozi, duka la vinyago na vyoo.

Jambo ambalo magofu yenyewe hayawezi kumweleza mgeni ni sababu ya kuwapo kwake pale, na sababu hiyo imo katika upepo na maji. Vyombo vya kutoka Arabuni na Ghuba vilikuja na kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, ambayo huanza kuvuma kati ya Novemba na Desemba, vikarudi na kusi, upepo wa msimu utokao kusini. Kilwa iko karibu na nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na ni karibu na hapo panapokoma safari ambayo nahodha aliweza kuifunga kwa mwaka mmoja: kushuka, kuuza, kununua na kurejea kwao. Ukishuka zaidi kuelekea Sofala, katika Msumbiji ya leo, kaskazi inalegea, na aliyeng'ang'ania kufika huko alijiweka katika hatari ya kukwama hadi msimu mwingine. Sasa dhahabu ilikuwa ikitoka nyanda za Zimbabwe na kuteremshwa pwani Sofala, wanunuzi wakitoka kaskazini, na mwenye bandari ya katikati ndiye aliyetoza ushuru wa pande zote mbili. Ongeza mlango wa bahari wenye kina, uliokingwa na mawimbi, ulio kati ya kisiwa na bara, na hapo utaelewa fedha za kujenga Husuni Kubwa zilitoka wapi. Hilo ni jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331.

Mgeni akiyajua hayo kabla ya kuvuka, atakapokuwa chomboni tayari ataanza kuyaona mwenyewe. Kwa hiyo chumba kikuu cha kituo chako kiwe kimeelekea maji, na katikati yake pawe na mfano mkubwa wa pwani yote ya Kilwa uliofinyangwa, wa kugusika kwa mkono, ukionyesha bara, kisiwa, Songo Mnara, vina vya maji na mikoko. Mtu asimame upande mmoja wa mfano huo, akiinua macho akione kisiwa chenyewe mbele yake, mfano na mandhari vikiwa vimeelekea upande mmoja. Mfano huo utawafaa pia wasioona, na wazee ambao hawataweza kupanda mashua. Ramani ya ukutani haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu wageni wengi, na hata wenyeji wengi, hawazoei kusoma ramani.

Hapo swali la mahali limekwisha kujijibu: kituo kiwe Masoko. Nchini Ireland kuna makaburi ya kale ya Brú na Bóinne, likiwamo lile maarufu la Newgrange, na kituo chake, kilichofunguliwa mwaka 1997, kimewekwa ng'ambo ya pili ya mto Boyne. Mgeni haruhusiwi kwenda moja kwa moja na gari lake hadi kaburini. Sharti apitie kituoni, avuke mto kwa miguu juu ya daraja, kisha apande basi kwa zamu. Idadi ya watu inadhibitiwa bila askari na bila ukuta, na kila anayefika amekwisha kujua anachokwenda kuona. Wenzetu walilazimika kuupanga utaratibu huo. Wewe umepewa na bahari. Kule kuvuka kwenyewe kuhesabu kuwa sehemu ya maonesho, kwa sababu ndiyo njia ambayo kila mtu wa karne ya 14 aliingilia Kilwa.

Kuhusu jengo la kuonekana kutoka majini, nitasema wazi. Kinachoonekana leo ukikaribia kisiwa ni Gereza, ngome ambayo Wareno waliiweka mwaka 1505 na ikajengwa upya zama za Waomani. Ukisimamisha kitu kipya kando yake, picha ya kwanza ya mgeni itakuwa ya kazi yako. Michoro ya namna hiyo huvutia ikitundikwa ukutani siku ya utetezi, lakini sijui kisiwa kinafaidika nini.

Masoko penyewe, lilaze jengo kwa urefu ukikabili pande za kaskazi na kusi, lipe baraza pana pande zote, na uachane na kiyoyozi. Hewa ya chumvi inaua mashine, na inakula nondo ndani ya zege mapema kuliko mkandarasi anavyokiri.

MwanaKisiwa amejibu:

Nimesoma maelezo ya Ndugu FundiRamani na mengi nakubaliana nayo, lakini kuna jambo ambalo watu wa mjini hawaligusi. Mimi ni mzaliwa wa kisiwani na kazi yangu ni kuongoza wageni. Kibali hukatwa Masoko, mgeni hulala Masoko, chakula anakula Masoko. Kituo nacho kikikaa Masoko, pamoja na duka, mgahawa na choo cha kulipia, sisi tunaoishi katikati ya magofu hayo tutabaki na kazi ya kutazama mashua zikija na kuondoka. Kisiwa si makumbusho. Kuna kijiji, kuna shule, kuna mashamba na wavuvi, na mbuzi wetu wanalala kwenye vivuli vya kuta mnazozipiga picha. Mradi unaosema unawaunganisha watu na mandhari ya kihistoria, halafu ukawaruka wanaoishi ndani ya mandhari hiyo, mimi siuelewi.

Naomba pia, mwanafunzi wetu, uelewe kuhusu maji. Bahari ikipwa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana kuliko kawaida, mashua inasimama mbali na mgeni anateremka kwenye tope akiwa ameshika viatu mkononi. Vijana hucheka, lakini nimeona wazee wa watu wakikataa kushuka wakarudishwa bila kukanyaga kisiwa. Kusi ikishika, mchana mlango wa bahari unachafuka, kwa hiyo sisi tunapendelea kuvusha wageni asubuhi na kuwarudisha kabla upepo haujapanda. Kituo kinachofunguliwa saa tatu asubuhi na kumtaka mgeni atazame filamu ya nusu saa kitakuwa kimemharibia safari yake. Songo Mnara ndiyo zaidi, maana kule mtu anapita ndani ya mikoko, na ratiba yote inafuata maji.

Juu ya mabango, yale niliyopata kuyaona yalikuwa ya bati, kwa Kiingereza pekee, na herufi zake zililiwa na kutu hata kabla hatujazoea kuyaelekeza. Kinachobaki kwa mgeni ni kile alichokigusa. Nikiwa Msikiti Mkuu huwa simwelezi mtu habari za matumbawe. Nauchukua mkono wake nauweka kwenye jiwe lililochongwa, aguse vile vitundu vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Nikimwambia hiki kilikuwa kiumbe hai, kilikatwa baharini kingali laini, kikachongwa kabla hakijakauka, anageuka mwenyewe kutazama bahari. Baada ya hapo haihitajiki tena kumwambia asipande juu ya ukuta.

Ombi langu ni hili. Kituo kikubwa kikiwa Masoko sawa, lakini kisiwani pawe na baraza ya wageni chini ya usimamizi wa kijiji, yenye kivuli, maji ya kunywa, choo cha heshima, na mahali pa kuazima kanga na shuka, kwa sababu njia ya wageni inapita kwenye makaburi ya masheikh ambako wenyewe bado tunakwenda kusoma dua. Kutoka Gereza hadi Husuni Kubwa ni mwendo wa jua kali, na katikati pia panahitajika kivuli cha kupumzikia.

KutaZaChokaa amejibu:

Ndugu Chipukizi, nami nichangie kwa upande wa uhifadhi, ambao ndio kazi yangu.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ya kumpelekea msimamizi wako iko chini ya ardhi. Sehemu ya kaskazini ya kisiwa ni mji uliofukiwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo miaka ya 1960, na alichokifunua ni sehemu tu ya mji huo. Kwingineko, ukichimba msingi wa jengo utakata sakafu za nyumba, visima, mabaki ya vyombo vya China na vya Uajemi, na makaburi. Watu hufikiria msingi wakasahau shimo la choo, ambalo ndilo linaloshuka chini zaidi na ambalo mara nyingi huchimbwa haraka bila mwanaakiolojia kuwapo. Kwa hiyo nampa haki Ndugu MwanaKisiwa kuhusu baraza, ila iwe nyepesi, isimame juu ya ardhi bila msingi wa kuchimba, iweze kung'olewa siku moja bila kuacha kovu, na choo chake kiwe cha juu ya ardhi, cha mboji, kwenye eneo lililokwisha kuchunguzwa. Zaidi ya hayo, ujenzi wowote mkubwa ndani ya eneo la Urithi wa Dunia au katika eneo lake la kinga unapaswa kuarifiwa mapema kwa Kamati ya Urithi wa Dunia na kufanyiwa tathmini ya athari. Ukiweka hatua hiyo kwenye ripoti yako, wakaguzi watajua kwamba umefanya kazi.

Kuhusu vifaa, nakuomba usitumie matumbawe wala boriti za mikoko, hata kama picha zake zitapendeza. Mafundi wa zamani walitumia mawe ya matumbawe ya nchi kavu kwa kuta, na matumbawe mateule ya baharini kwa mihrabu, miimo ya milango na nakshi. Chokaa yenyewe waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Leo matumbawe hayo ndiyo makazi ya samaki wanaolisha kijiji, na mikoko ndiyo kinga ya ufukwe. Mbele ya Gereza na kwingineko kisiwani mikoko imepandwa makusudi, pamoja na kuta za mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, ili kuzuia mmomonyoko. Itakuwa ajabu kumkaribisha mgeni kwenye jengo la boriti za mikoko, kisha kumvusha akaone mikoko tunayoibembeleza iote.

Mfano ninaoupenda ni kituo cha wageni cha magofu ya mji wa kale wa Mapungubwe, Afrika Kusini, kilichosanifiwa na Peter Rich. Mapaa yake ni matao membamba ya vigae vya udongo uliochanganywa na saruji kiasi cha asilimia 5 hivi, na vigae hivyo, vipatavyo 200,000, vilishindiliwa hapo hapo na wakazi wa jirani ambao hawakuwa na ajira. Mwaka 2009 kilitangazwa kuwa jengo bora la mwaka katika tamasha la usanifu wa majengo la dunia. Nakitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha ya ujenzi iliingia mifukoni mwa watu wa pale tangu siku ya kwanza, bila kusubiri watalii, na hilo linajibu sehemu ya malalamiko ya Ndugu MwanaKisiwa. Ya pili ni kwamba Mapungubwe nayo ilikuwa ikifanya biashara na pwani ya Bahari ya Hindi, ikipokea shanga na kupeleka dhahabu. Baadaye Great Zimbabwe ikashika nafasi hiyo, na huko imepatikana sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Ukitaka kitu kimoja cha kuweka katika sanduku la kioo, weka nakala ya sarafu hiyo kando ya mfano wa pwani aliousema Ndugu FundiRamani. Ni ndogo, haihitaji ulinzi, na inaonyesha umbali ambao jina la Kilwa lilisafiri.

Nimesema nakala kwa makusudi. Wanafunzi wengi hujaza michoro yao kumbi za vitu halisi, ambavyo vinahitaji walinzi, udhibiti wa unyevu na wahifadhi wa kudumu, na kwa kawaida hakuna bajeti ya kuwalipa. Nyayo za binadamu wa kale za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa mwaka 1978, zilifukiwa tena ili zisiharibike, na mgeni anayefika makumbusho ya Olduvai anaonyeshwa nakala. Sijasikia mtu akilalamika kwamba amedanganywa, mradi ameelezwa ukweli.

Kwa chokaa nina ombi la pekee. Tengeneza uani mahali ambapo fundi anaweza kuonekana akiilowesha chokaa, akiichekecha na kujaza ufa kwenye kipande cha ukuta wa majaribio. Ukarabati wa Kilwa ulifundisha mafundi wa hapa hapa, na ujuzi huo unapotea wasipopata kazi ya mara kwa mara. Mgeni akishika ukuta uliopigwa saruji na ule wa chokaa, baada ya mvua, ataelewa kwa nini saruji haitakiwi kwenye magofu: saruji inaziba, maji na chumvi vinakosa pa kutokea, na baada ya muda uso wa jiwe unabanduka pamoja na plasta yake.

Mwisho, usiiache Kilwa Kivinje, mji mwingine wa Kilwa ulio bara, nje ya mchoro. Watu wakisema Kilwa hufikiria masultani tu, ilhali Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari ya misafara ya karne ya 19, ya pembe za ndovu na ya watumwa waliotembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Historia hiyo inauma na haina kuba za kupiga picha. Kituo kitakachoeleza dhahabu kikanyamaza kuhusu watumwa kitakuwa kimechagua upande.

MsanifuChipukizi ameandika:

Shukrani za dhati kwenu nyote. Nimeamua jengo kuu liwe Masoko, dogo, la udongo wa kushindiliwa, likiwa na chumba cha mfano wa pwani, ua wa chokaa na chumba kimoja cha Kivinje. Kisiwani nitachora baraza isiyo na msingi na vivuli viwili njiani kuelekea Husuni Kubwa, vyote chini ya kijiji, na katika ripoti nitapendekeza tiketi moja ambayo fungu lake linakwenda kijijini moja kwa moja. Filamu nimeifuta. Kwa kuwa safari inategemea maji, nafikiria ukutani pa mapokezi pawe na ubao wa kupwa na kujaa wa siku hiyo, uandikwe kwa mkono na nahodha wa zamu, ili mgeni aanze kuusoma mji kama walivyousoma wenyewe.

Bado gati linanisumbua. Kina cha maji kinatofautiana takriban mita 3 wakati wa bamvua, na gati refu la zege litaharibu mwonekano wa Gereza ambao Ndugu FundiRamani amenishauri niulinde. Ndugu MwanaKisiwa, ninyi wenyewe mngependa mgeni ashukie wapi?

MwanaKisiwa amejibu:

Gati refu hatulihitaji. Fanya ngazi pana za mawe zinazofuata mteremko wa ufukwe, upande wa mbali kidogo na Gereza, ili mashua iweze kugusa ngazi ya juu maji yakijaa na ya chini yakipwa, na pembeni yake weka njia ya mteremko isiyo na vidato kwa mwenye kiti cha magurudumu na kwa akina mama wanaobeba ndoo za samaki, kwa sababu hapo hapo ndipo na sisi tutakaposhukia. Usiweke ukuta mzima, acha maji yapite chini, la sivyo mchanga utahamia upande mmoja na ufukwe wa upande wa pili utaliwa. Halafu mchoro wako wa mkato uchore kwa maji ya bamvua yakiwa yametoka kabisa, wala si yakiwa yamejaa kama wachoraji wengi wanavyopenda, na uandike kwa tarakimu umbali kutoka ubavu wa mashua hadi nchi kavu.